Njia Iliyoliwa na Tarumbeta

“Huu ni mwendo wa kubebea maiti,” Skolastika alisema, akaishusha tarumbeta mapajani. “Tena maiti awe mnene, na wabebaji wawe wamenyimwa chai.”

Wanakwaya wakacheka, nyuso wamezificha nyuma ya karatasi zao. Derick, mwalimu wao, hakucheka. Aliinua mikono kutoka kwenye kinanda, akaipangusa kwenye suruali.

“Mama mdogo, hujamaliza hata mstari wa kwanza.”

“Nimeumaliza, nikasinzia, nikaamka, bado mko palepale. Halafu ufunguo wenyewe. Do mmeiweka chini huko kama kuku aliyejificha uvunguni. Tarumbeta inataka kupanda, isikike mpaka barabarani. Hapa nimeinama tu, naokota sauti sakafuni. Kinanda chako kina kitufe cha kupandisha. Kibonyeze, tuimalize kazi.”

“Kitufe kipo, ila sikibonyezi. Ukiupandisha huu wimbo unageuka tangazo.”

“Na la tatu.”

“Lipo la tatu?”

“La tatu ndilo baya. Wimbo hauna furaha, hauna msiba. Mtu akifurahi tuone meno yake, akilia tuone machozi. Huyu amekaa tu, anatazama nje. Ndicho mnachotaka niwapigie watu kwenye jubilei yao, mtu aliyekaa?”

Derick alikuwa mtoto wa dada wa Skolastika, kwa hiyo alimjua vizuri: ukimjibu upesi umemwongezea kuni. Akangoja. Kijana huyu alisomea muziki chuoni, sasa anafundisha shule moja huko Kibeta, na kila Jumamosi hupanda pikipiki kuja kwenye kigango hiki cha jirani na Kashozi kufundisha kwaya, malipo yake chai na viazi. Safari hii alikuja na kitu ambacho kigango hakijawahi kukisikia: konseto ya tarumbeta, iliyotungwa na Mzungu mmoja wa zamani.

Konseto, kama Derick alivyowaeleza, ni mazungumzo ya mmoja na wengi. Chombo kimoja kinasimama mbele kinasema, okestra nzima nyuma inajibu. Okestra kigangoni hakuna, hata fidla moja hakuna, kwa hiyo Derick aliigawa okestra mara mbili: nusu akaiweka kwenye kinanda chake, nusu akawapa kwaya waivumishe midomo imefungwa. Sehemu ya kwanza ya konseto ni mbio, ya mwisho ni mbio. Aliyoileta yeye ni ya katikati, na juu ya karatasi, kwa Kiitaliano, imeandikwa andante.

“Maana yake mwendo wa kutembea,” alisema sasa, taratibu. “Si kulala, si kukimbia. Kutembea.”

“Kutembea kwa nani?” Skolastika akauliza. “Maana mimi nikitembea, wewe na pikipiki yako mnabaki nyuma.”

Derick akatoa simu, akaiwasha ile programu inayogonga mapigo, tok, tok, tok. Skolastika akaitazama kama mtu anavyomtazama mjusi aliyeanguka kwenye unga.

Hapo ndipo mtu alipokohoa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa Ma Kokushubila, mke wa Ta Kamugisha, mwenye jubilei yenyewe. Miaka hamsini ya ndoa. Alikuja kusikiliza mazoezi, mkoba magotini, kitenge kimefungwa vizuri, na mpaka dakika ile hakuwa amesema neno.

“Skola, mwanangu,” alisema. “Sikuja kusikiliza mnavyogombana. Mimi nilitaka kujua jambo moja. Siku hiyo nitaingia kanisani na mume wangu, au nitaingia peke yangu? Maana yeye anasema kama ni wewe unayepiga, atapita mlango wa pembeni akae anisubiri.”

Simu ya Derick iliendelea kugonga peke yake mpaka akaikumbuka, akaizima.

Kila mtu mle ndani alijua kwa nini. Asiyejua aambiwe sasa.

Skolastika alizaliwa Izimbya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kama vibanja vingine. Parokia ilikuwa na bendi ya wavulana, kaka yake akapewa tarumbeta, akaichoka kabla haijamzoea, akaitundika jikoni juu ya ndizi zilizokuwa zinaiva. Skolastika akaitungua. Alijifunzia ndani ya migomba, ndoo ya maji imewekwa chini inamngoja, na ndiyo sababu maji ya kwao yalichelewa kufika nyumbani kwa miaka. Baba yake alimwambia midomo itavimba na hakuna atakayemwoa. Akamwoa Avit wa Kashozi, mwanamume mkimya ambaye ukimuuliza ilikuwaje akachukua mke wa namna ile, hujibu kwamba kelele zote za nyumba yao zilitakiwa kukaa mahali pamoja.

Darasa la saba alimaliza, mbele hakuendelea, na hakumlilia mtu. Alipiga tarumbeta kwenye harusi. Hata leo, ukisikia bendi nyuma ya pikapu kuanzia Bukoba mjini mpaka Muleba, na juu ya ngoma zote kuna sauti inayokata kama panga jipya, ni yeye, mama wa miaka hamsini na kitu, kilemba kimekazwa, mashavu yamejaa. Anayepiga ngoma kubwa nyuma yake ni Ndalahwa, mchuuzi wa dagaa wa visiwani Muleba, ambaye siku asiyopiga ngoma anauza dagaa kwa mikono ileile. Mwendo wa Skolastika ni mmoja, mbio. Ufunguo ni mmoja, ule wa juu unaong’aa. Na hali ni moja, shangwe. Watu wa harusi hawajawahi kudai zaidi.

Isipokuwa Ta Kamugisha.

Ta Kamugisha ni jirani yake, wanatenganishwa na mstari wa miti ya kahawa. Mguu wake wa kulia uliharibika zamani, alipoangukiwa na mti, tangu hapo anatembea na fimbo. Siku alipoolewa binti yake Annastella, mzee alitaka kitu kimoja tu: kumshika mkono mwanawe toka mlangoni mpaka mbele. Alinunua koti kwa ajili hiyo. Bahati mbaya Skolastika siku hiyo alikuwa amekubali harusi mbili, ya Annastella asubuhi na nyingine Muleba mchana, na nje ya kanisa pikapu ilikuwa inaunguruma, Ndalahwa ameshakaa juu ya ngoma yake. Basi tarumbeta ikaanza mbio, kinanda kikaikimbilia, kwaya ikakimbilia kinanda, wasimamizi wa harusi wakafuata kwaya, na Annastella, maskini, shela imemziba macho, akafuata wasimamizi. Ta Kamugisha aliachiwa mkono karibu na mlango. Binti alifika mbele akiwa peke yake. Mzee alikuwa bado yuko katikati, koti jipya, fimbo, mguu, fimbo, mguu, na wimbo ulikuwa umekwisha. Alimalizia ile njia kwenye ukimya, watu wanamwangalia. Mtoto mmoja akacheka, wakubwa wawili wakamfuata.

Baada ya misa alimkuta Skolastika anapanda pikapu.

“Skolastika, una deni langu,” alimwambia. “Binti yangu ni mmoja. Nilikuwa na njia moja, toka mlangoni mpaka mbele, na wewe umeila.”

Skolastika, ambaye neno samahani humkwama kooni kama mwiba wa sato, alijibu kwamba gari lilikuwa linangoja.

Kwa Wahaya, mtu akikamua ndizi zake na pombe yake ya rubisi ikaiva, jirani hupelekewa kibuyu chake kabla mgeni hajaonja. Toka siku ile kibuyu cha Ta Kamugisha hakikuvuka tena ile miti ya kahawa. Hakumtukana. Hakumsema vibaya kwa watu. Salamu aliitikia, lakini aliitikia kama unavyomwitikia mpita njia ambaye hutamwona tena. Skolastika alisema yeye rubisi yake mwenyewe anayo, tena kali kuliko ya mtu. Ila Avit aliona kwamba kila jirani alipokamua, mke wake alipata kazi upande ule wa kibanja.

Ndiyo maana swali la Ma Kokushubila lilimkuta pabaya.

“Utaingia na mume wako, Ma,” alisema. “Mimi nitamwendea.”

“Na huo mwendo?” Derick akauliza.

Skolastika alichukua karatasi, akaifunua, labda ili apate pa kuweka macho. Karibu na mwisho akaona mistari mitupu. Kinanda kitupu, kwaya tupu, kwake nota moja ndefu yenye alama kama jicho juu yake.

“Hapa mmesahau kuandika.”

“Hapo ni kadensa,” Derick alisema. “Okestra yote inanyamaza, unabaki wewe. Unapiga unachotaka, kwa urefu unaoutaka. Ukimaliza unatetemesha sauti moja, ndiyo sisi tunajua turudi.”

“Ninachotaka?”

“Ndiyo ruhusa ya mtunzi mwenyewe.”

Sura ikamchangamka. Wanakwaya waliokuwa wanamjua waliona tayari harusi nzima imemjaa kifuani. “Basi huyo Mzungu ana akili,” alisema. “Tumeelewana. Huko kote nitawabebea maiti yenu polepole, hata mkitaka niitembeze magotini. Lakini hapa ni pangu. Hapa asiniguse mtu.”

Derick akakunja karatasi zake. Angepata tarumbeta wapi nyingine?

Kesho yake Skolastika alivuka miti ya kahawa. Ta Kamugisha alikuwa amekaa kwenye kigoda, anageuza kahawa kwenye mkeka kwa mkono, taratibu, kama anayezitafutia wenyewe. Akaitikia salamu ya mpita njia.

“Ta Kamugisha, waitu,” alisema kwa adabu, “nimekuja kwa ajili ya jubilei.”

“Karibu. Mlango wa pembeni nimeshauona, una kivuli kizuri.”

“Mke wako anataka kuingia na wewe.”

“Na mimi nilitaka kuingia na Annastella.”

Skolastika alikuwa amekuja na maneno mengi, na mengi yalikuwa makali. Akayatazama yote, akaona hakuna linalofaa.

“Safari hii ni wimbo wa polepole,” alisema. “Derick ameutoa chuoni. Mwendo wa kutembea.”

“Kutembea kwa nani?”

Lilikuwa swali lake mwenyewe, amerudishiwa na mtu asiyekuwepo alipoliuliza.

Mzee akainuka, akaenda kuchukua ungo kwenye ukuta wa jiko. Hakuwa na haraka, hata kidogo. Skolastika alimtazama anavyokwenda. Kwa mazoea ya kazi mguu wake ukaanza kuhesabu wenyewe, na hesabu ikamshinda. Fimbo, kisha kitambo, kisha mguu mzima, kisha ule mbovu unavutwa kumalizia. Si tok, tok, tok. Ilikuwa ndefu, fupi, ndefu, na katikati pana mahali pa kuvuta pumzi. Nusu ya njia alisimama akamsalimia kuku. Akarudi vilevile na ungo.

“Sikatai na sikubali,” alisema, anakaa. “Nitasimama mlangoni na mke wangu. Nitasikiliza. Nikisikia zile mbio zako, mlango wa pembeni uko hatua chache tu, nageukia huko. Yeye atanisamehe, ameshanisamehe mengi.”

“Na usipozisikia?”

“Nitakwenda. Lakini kwa mguu wangu, Skolastika. Si kwa pumzi zako.”

Jioni hiyo Skolastika alichukua tarumbeta akaingia kwenye migomba, ukubwa umemwisha, amerudi msichana wa Izimbya. Kwanza alifanya alichomwambia Derick afanye: aliupandisha wimbo kwenye ufunguo wake wa juu. Ukapiga kelele nzuri sana. Ulikuwa kama gari la matangazo linalotangaza mnada wa mbuzi. Akajaribu tena, akajicheka, akaushusha palepale ulipoandikwa, chini, pale alipopaita uvunguni.

Pale chini tarumbeta haikubali kupiga kelele. Ukiilazimisha inakohoa. Inabidi uipe pumzi kidogo kidogo, midomo imelegea, kama mtu anayeongea na mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, au anayemwita mtu aliye karibu. Alipiga mstari mmoja, akafikiria fimbo, akangoja kitambo, akapiga mwingine.

Avit alikuja na taa mkononi.

“Ulikuwa unaongea na nani?” aliuliza.

“Nilikuwa napiga tarumbeta, wewe. Masikio umeyaacha wapi?”

“Mimi nilisikia mtu anaita. Nikasema labda kuna mgeni, nije nimpokee.”

Skolastika alikuwa anafikiria lile la tatu, hali ya wimbo. Alisema mtu amekaa tu, anatazama nje. Kweli amekaa na anatazama nje. Lakini sasa alidhani anamjua yule mtu. Alikuwa anamngoja mwingine ambaye anajua atakuja, chakula kimeshaiva, hakuna sababu ya kusimama mlangoni na kuangua kilio, wala ya kupiga vigelegele kabla hajafika. Ndiyo hali yenyewe. Yeye hakuwahi kumngoja mtu maishani mwake, wote walimkimbilia.

Mazoezini hakumtania mtu, mpaka wanakwaya wakaanza kuulizana kama anaumwa. Alimweleza Derick jinsi mzee anavyotembea, hata kuku aliyesalimiwa njiani, akamwomba azime ile simu.

“Bila mapigo tutapotea, Mama mdogo.”

“Hatupotei. Wewe niangalie mimi, mimi nitamwangalia mwenye miguu.”

“Na akisimama?”

“Tunasimama. Mbona kwenye foleni ya maji mnasimama na hamfi.”

Derick akaizima. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kutafuta mwendo kwenye simu wakati mwenye mwendo anakaa karibu hivi, lakini hata kwenye karatasi hapakuandikwa ni kutembea kwa nani. Kwa hiyo hakumlaumu yeyote. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: kadensa. Hapo Skolastika hakubadilika. Kila mazoezi wakifika pale, anaweka mguu mbele, anafumua harusi nzima: anapanda, anashuka, anazunguka, vitufe vitatu vya tarumbeta vinawaka moto, na wanakwaya wanamshangilia. Ilikuwa nzuri, hakuna wa kubisha. Ila ilikuwa kama mtu amefunga nyumba vizuri halafu akaacha dirisha wazi usiku.

“Tutakapofika pale kwenye kadensa,” Derick alijaribu siku moja, “Ta Kamugisha atakuwa bado njiani.”

“Atakuwa ameshafika. Nimeshapima.”

“Umepima bila kuku.”

“Kuku gani kanisani?”

“Watu, Mama mdogo. Kanisa litajaa watu.”

“Tulielewana,” Skolastika alisema. “Pale ni pangu.”

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha alfajiri, vumbi limetulia. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Annastella alikuja toka Muleba na mume wake na watoto. Ndalahwa alikuja na ngoma yake kwa ajili ya shangwe ya nje, na harufu ya dagaa kwa ajili ya watu wote.

“Mama Tarumbeta,” alimnong’oneza Skolastika, “leo pikapu haipo. Unakimbilia wapi?”

“Leo nakaa. Kasimame huko nje, usinichekeshe, mdomo utaharibika.”

Kwaya ilikaa kushoto, mbele, hivyo Skolastika akisimama aliuona mlango mkubwa wote. Mwangani mle alimwona Ma Kokushubila katika nguo ya bluu, na pembeni yake lile koti. Lile lile. Mzee alilivaa tena. Mkono mmoja ulikuwa kwa mke wake, mwingine kwenye fimbo, na uso ameugeuzia kidogo upande wa mlango wa pembeni.

Derick alianza. Kinanda kilitembea peke yake kidogo, kwaya wakavumisha, sauti za chini za wanaume zikalala chini kama mkeka. Halafu tarumbeta. Skolastika aliitoa sauti ya kwanza kama alivyoitoa kwenye migomba, ya kumwita aliye karibu.

Ta Kamugisha akasikiliza. Mstari ukapita. Kwaya wakajibu. Skolastika aliona kidevu kinarudi taratibu, kinatazama mbele. Fimbo ikainuka, ikavuka kizingiti.

Walikuja. Fimbo, kitambo, mguu, mguu. Derick hakutazama karatasi, alimtazama mama yake mdogo, naye alitazama miguu, na wimbo ukafuata. Watu wakaanza kusimama benchi kwa benchi. Na kama Derick alivyohofia, kuku walikuwa wengi. Mzee yule hawezi kupita mtu bila kumsalimu, hakufundishwa hivyo. Bibi mmoja wa benchi la pembeni alipiga goti kumpa heshima yake, na Ta Kamugisha akasimama, akaipokea salamu yote, akauliza habari za nyumbani kwa kunong’ona, akajibiwa. Skolastika alishikilia nota. Kwaya wakashikilia. Wakaendelea. Benchi jingine, salamu nyingine.

Kwa hiyo karatasi ilikaribia kwisha na njia bado ndefu. Mzee akiwa katikati kabisa ya kanisa, palepale alipoachwa siku ya harusi ya binti yake, wimbo ulifika kwenye ile nota yenye jicho. Derick akaondoa vidole. Kwaya wakanyamaza.

Ukimya ukalijaza kanisa.

Ta Kamugisha akasimama. Aliujua ukimya huo. Aliwahi kuutembea peke yake. Skolastika aliona mkono wa mzee unaishika fimbo kwa nguvu, aliona Ma Kokushubila anamtazama mume wake, na nyuma yao Annastella ameweka kiganja mdomoni. Kifuani pumzi ilikuwa imejaa tayari, yote, pumzi ya harusi nzima, na mguu wake ulikuwa umeshakwenda mbele wenyewe. Ruhusa alikuwa nayo. Mtunzi alimpa, Derick alimpa. Pangu.

Akaiachia ile pumzi itoke puani, bure. Akarudisha mguu.

Akapiga sauti moja, ya chini, fupi tu, akangoja.

Hakuna kilichotokea. Akaipiga tena, hiyohiyo, kama unavyogonga mlango wa mtu unayemheshimu. Ta Kamugisha akaangalia upande wa kwaya. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu, na kwa mara ya kwanza toka siku ya pikapu hakumtazama kama mpita njia.

Fimbo ikainuka. Skolastika akampa sauti. Mguu, akampa nyingine. Mguu mbovu, akaivuta sauti ya tatu kumsaidia kuuleta. Hakupanda, hakuzunguka, vitufe vyake havikuwaka moto. Alitembea naye. Mzee aliposimama kusalimia, alishikilia nota mpaka mbavu zikamuuma, na alipoanza tena, akaanza. Kwenye kinanda Derick alikaa mikono imeelea hewani, jasho linamtiririka, kwani kadensa ndefu namna ile hakuifundishwa chuoni. Hakuna aliyekohoa. Wale wa madirishani waliacha hata kupiga picha.

Ilipobaki hatua kidogo, mzee akafanya jambo ambalo Skolastika hakulitegemea. Akaharakisha. Kidogo tu, kama mtu anayemtania mwenzake. Skolastika akachelewa sauti moja, akamkimbilia, akamkosa, na Ta Kamugisha akawa amefika, amemweka mke wake kwenye kiti chake, amegeuka, amesimama na fimbo yake anamtazama mpiga tarumbeta ambaye bado yuko njiani.

Ndipo Skolastika akaitetemesha ile sauti ya mwisho. Derick na kwaya wakarudi, wakaumaliza wimbo polepole, mpaka chini kabisa. Mzee hakukaa mpaka nota ya mwisho ilipokwisha.

Nje, baada ya misa, Ndalahwa aliipiga ngoma kwa hasira ya kungoja, watu wakacheza, na Skolastika akawapigia mbio zao zote, za juu, zinazong’aa, kwa sababu hizo nazo zina mahali pake. Alipopumzika, midomo imevimba kama baba yake alivyomtabiria, Ta Kamugisha alikuja, fimbo, mguu, mguu. Skolastika alisimama.

“Ta,” alisema. Neno lile la mwiba likamkwama, akalikohoa mpaka likatoka. “Unisamehe ile njia.”

“Nikusamehe tena?” mzee akasema. “Nusu ya kwanza ya njia alinipigia yule Mzungu wenu. Nusu ya pili umenipigia wewe, nimeihesabu kwa mguu wangu mwenyewe. Imetimia. Hata nimekungoja mwishoni, maana siku hizi umekuwa mzito.”

“Ulikimbia, mzee. Nilikuona.”

“Mimi? Kwa mguu huu?”

Akageuka kwa binti yake. “Annastella, mwanangu, kile kibuyu kiko wapi? Na mrija wake. Mletee jirani yangu kabla wageni hawajaonja.”